Chang'aa na busaa: Jina la kale linalotafuta chupa mpya

MNAMO Mei 2021, kiwanda cha wiski cha Brora, kaskazini mwa Scotland, kilifungua tena milango yake baada ya kukaa kimya tangu 1983. Kile cha Rosebank, kilichofungwa 1993, kilianza tena kazi 2023. Machi 2024 ikawa zamu ya Port Ellen katika kisiwa cha Islay, ambacho nacho kilikuwa kimefungwa mwaka ule ule wa 1983. Majina hayo matatu yalikuwa yamebakia kwenye chupa chache za wakusanyaji matajiri na katika kumbukumbu za wazee. Leo yanauzwa tena, na kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Kenya hawezi kuilipa hata kwa mshahara wa miezi kadhaa.

Si hayo tu. Wiski ya Mackinlay, iliyobebwa na mpelelezi Ernest Shackleton katika safari yake ya Antaktika ya 1907 hadi 1909, ilifukuliwa barafuni chini ya kibanda chake, ikapimwa katika maabara na mwaka wa 2011 ikatengenezwa upya kwa kufuata ladha ile ile ya zamani. Waskoti wanajua kuwa jina la kale ni mali. Wanalifukua, wanalipangusa vumbi, kisha wanalitia katika chupa.

Mjini Kitale na Bungoma, jina la kale halihitaji kufukuliwa. Liko hai, tena linanukia hadi barabarani. Tatizo lake ni kwamba halina makao halali. Busaa na chang'aa zimekuwa zikipikwa katika mitaa kama Matisi na Kipsongo mjini Kitale, katika vijiji vya Bungoma, na kando ya vijito vinavyoelekea Mto Nzoia, kwa utaratibu ambao mama alimfunza binti na binti akamfunza mwanawe. Hata hivyo, miaka mingi baada ya serikali kutangaza kwamba chang'aa ni halali, hakuna jina la chang'aa ya Kenya lililokita mizizi madukani kama lilivyokita lile la Waragi nchini Uganda. Kinachostahili kuchunguzwa ni sababu.

Kwanza ni lazima vinywaji hivi viwili vitenganishwe, kwa kuwa maafisa wa utawala, wahubiri na hata wanahabari wamezoea kuvitaja kwa pumzi moja. Busaa ni pombe ya nafaka isiyopitishwa katika mtambo wa mvuke. Unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa uchachuke kwa siku kadhaa, kisha ukakaangwa juu ya bati pana hadi ugeuke rangi na kutoa harufu ya mkate uliokolea moto. Hapo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Baada ya siku chache huwa tayari. Nguvu yake mara nyingi haifikii ile ya bia ya kawaida, na haikai. Isiponyweka upesi huwa chachu mno. Chang'aa ndiyo inayopitishwa motoni. Hupikwa kutokana na mchanyato wa nafaka, sukari guru au molasi, mvuke ukapozwa na maji na kudondoka ukiwa pombe kali.

Kwa Wabukusu, walio wengi Bungoma na ambao pia ni wengi Trans Nzoia, busaa si kinywaji cha klabu pekee. Katika Agosti ya kila mwaka usiogawanyika kwa mawili wavulana hubaki nyumbani, bali katika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mawili hutahiriwa, na mojawapo ya hatua za sherehe hiyo ni khuchukhila, ambapo mtahiriwa mwenyewe humimina maji katika mtungi wa kimea ambamo pombe ya siku yake itachachukia. Wazee huinywa ikiwa na uvuguvugu kutoka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe. Chifu anayemwaga mtungi kama huo hamwagi pombe tu, naye hulijua hilo. Ndiyo maana msimu wa tohara ukifika misako hupungua kwa namna ambayo hakuna sheria iliyoiandika.

Historia ya chang'aa ni nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka vizuizi dhidi ya biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali ya kikoloni nchini Kenya ikafuata mkondo huo kwa kumzuia Mwafrika kununua pombe kali za Kizungu. Walowezi waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao reli iliwafikia Kitale 1926, waliagiza wiski yao kutoka Scotland bila kuulizwa. Mfanyakazi aliyewalimia mahindi alikatazwa. Ujuzi wa kutonesha pombe, ambao tangu zamani umehusishwa na askari wa Kinubi kiasi kwamba chang'aa iliitwa jini ya Kinubi, ukaenea katika pengo hilo. Kwa hivyo marufuku yenyewe ndiyo iliyokuwa mkunga wa kinywaji hiki.

Uhuru haukuleta mabadiliko makubwa. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliacha nafasi kwa busaa kuuzwa kwa leseni, lakini chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi ikaja Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya 1980. Kwa miaka 30 iliyofuata, mtungi na debe vikawa vielelezo vya mahakamani. Faini zilitozwa, wanawake wakalala korokoroni, na kesho yake moto ukawashwa tena kwa sababu karo ya shule haikuwa imelipwa.

Mabadiliko yalikuja Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki alipotia saini Sheria ya Kudhibiti Vileo iliyowasilishwa na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, Bw John Mututho. Wakenya wengi wanaikumbuka kwa saa za baa kufunguliwa na kufungwa. Waliosahau ni wengi zaidi kuhusu kipengele kingine: sheria hiyo, iliyoanza kutekelezwa Novemba mwaka huo, ilifuta ile ya 1980. Chang'aa ikawa halali. Sharti lilikuwa kwamba itengenezwe kwa viwango, ipakiwe katika chupa za glasi za kuanzia mililita 250, iwe na maandishi ya onyo na iuzwe na mwenye leseni.

Waskoti walipitia njia hiyo hiyo miaka karibu 190 kabla. Mwanzoni mwa karne ya 19, wiski nyingi ya nyanda za juu ilipikwa mafichoni na kusafirishwa usiku. Serikali ya Uingereza ilijaribu askari na faini, ikashindwa. Sheria ya Ushuru ya 1823 ikageuza mkakati: ushuru ulipunguzwa kwa kiasi kikubwa na leseni ikawekwa kuwa pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, mkulima George Smith wa bonde la Glenlivet akachukua leseni. Majirani zake waliokuwa wakipika kwa siri walitishia kukichoma kiwanda chake, naye akawa anatembea na bastola mbili kiunoni. Katika miaka michache wapikaji wa magendo walipungua, si kwa kuwa waliokoka, bali kwa kuwa uhalali ulikuwa umeanza kulipa kuliko uvunjaji wa sheria.

Hapo ndipo sheria ya Kenya ilipokwama. Ilihalalisha kinywaji bila kumhalalisha anayekipika.

Hesabu ni rahisi. Kuanzia mwishoni mwa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali ulianza kutozwa kulingana na nguvu yake: Sh10 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Chupa ya mililita 250 yenye nguvu ya asilimia 40 ina sentilita 10 za pombe halisi. Ushuru peke yake, basi, ni Sh100, kabla ya kuongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16, bei ya chupa, kifuniko, lebo, stempu ya ushuru, usafiri, na faida ya mwenye duka. Mnywaji wa chang'aa wa Kipsongo ni kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye huenda ametenga shilingi chache tu kwa glasi moja. Huyo hawezi kuhamia chupa halali, na mama anayempimia hawezi kuipakia.

Tena kuna suala la kiwanda. Ili bidhaa ipate alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (Kebs), ni lazima mahali inapotengenezewa pakaguliwe: maji safi, sakafu inayooshwa, vyombo visivyotoa kutu, vipimo vya maabara. Haya ni masharti ya haki na hakuna anayepaswa kuyadharau. Lakini mpikaji mwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba ya kukodi hana hati ya shamba ya kuweka rehani, na hakuna benki itakayomkopesha kwa kazi ambayo jana ilikuwa hatia. Wenye mtaji ndio walioingia pengo hilo. Wao hawakutengeneza chang'aa hata kidogo. Walinunua ethanoli iliyokwisha kutengenezwa, wakaichanganya na maji na ladha, na kuipa majina ya kuvutia. Wakenya wakaziita pombe za kizazi cha pili, na Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako mkali dhidi yazo, hasa eneo la kati.

Uganda ilichagua njia tofauti mapema. Sheria ya Enguli ya 1965 ilitaka wapikaji wa vijijini wawe na leseni na wauze pombe yao, enguli, kwa kiwanda, ambacho kiliitonesha upya, kikaisafisha na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Mpikaji mdogo akabakia shambani na pipa lake. Kazi ya kupima sumu, kusawazisha nguvu na kupakia chupa ikawa ya kiwanda. Tanzania nayo ilipiga marufuku gongo kwa sheria ya 1966, kisha ikajenga jina la Konyagi kutoka kiwandani. Leo Waragi na Konyagi huuzwa nje ya mipaka ya nchi hizo bila aibu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Uganda ilimaliza tatizo. Sehemu kubwa ya waragi ya vijijini iliendelea kupikwa na kunyweka nje ya sheria, na mwaka wa 2019 nchi hiyo ililazimika kupiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki, hatua ambayo Kenya ilikuwa imeichukua miaka mingi kabla. Funzo la Uganda ni dogo kuliko linavyosimuliwa na watetezi wa chang'aa, lakini lipo: jina la kienyeji linaweza kupanda hadi kwenye rafu ya hoteli iwapo kuna mtu wa kati anayeaminika anayenunua kutoka kwa mpikaji.

Kenya ina ushahidi wake mwingine kuhusu nguvu ya ushuru. Mwaka wa 2004, kampuni ya East African Breweries ilizindua Senator, bia ya bei nafuu iliyokusudiwa kumvuta mnywaji wa chang'aa, serikali nayo ikaisamehe ushuru. Bia hiyo ilipendwa, na wakulima wa mtama wakapata soko. Mwaka wa 2013 serikali ikaondoa nusu ya msamaha huo. Mauzo yakaporomoka. Mwaka wa 2015 msamaha ukarejeshwa kwa asilimia 90, na kampuni hiyo baadaye ikawekeza Sh15 bilioni kukifufua kiwanda chake cha Kisumu, kilichoanza tena kazi 2019 kikitegemea mtama wa magharibi mwa nchi. Serikali imekubali, kwa hivyo, kwamba ushuru mdogo humtoa mnywaji gizani. Ilichokataa ni kumpa mama wa Chwele au Kimilili kile ilichompa mwekezaji mkubwa.

Badiliko la Desemba 2024 lilifungua dirisha dogo. Bia, pamoja na pombe ya rojo ya aina ya busaa, ilitozwa Sh22.50 kwa sentilita ya pombe halisi, lakini watengenezaji wadogo wanaojitegemea wakatengewa Sh10. Lita ya busaa yenye nguvu ya asilimia nne ingelipa Sh40 badala ya Sh90. Nafuu ipo. Hata hivyo, walioombewa nafuu hiyo walikuwa wenye viwanda vidogo vya bia za kisasa za Nairobi, wala si wapikaji wa Bungoma, na Sh40 kwa lita ya kinywaji cha mahindi ni mzigo unaomrudisha mpikaji mafichoni.

Wapinzani wa kuhalalisha wana hoja nzito, na wengi wao si wanasiasa bali ni wake na mama. Makanisa ya magharibi yamezika vijana wengi mno. Orodha ya misiba ya kitaifa nayo ni ndefu: Novemba 2000 mitaani Nairobi, ambako zaidi ya watu 100 walikufa, Machakos mwaka wa 2005, kaunti kadhaa Mei 2014, na Februari 2024 kijijini Kangai, Kirinyaga, ambako 17 walifariki.

Lakini misiba hiyo inapaswa kusomwa kwa makini. Muuaji katika visa vya aina hii huwa ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho kabla ya kuua mtu. Nafaka iliyochachuka huzaa kiasi kidogo tu cha methanoli. Kiasi cha kuua kijiji huwa kimemiminwa na mtu, kutoka kwenye pipa, ili pombe iwe nyingi na kali kwa gharama ndogo. Katika kisa cha Kirinyaga iliripotiwa kuwa pombe iliyohusishwa na vifo ilikuwa imenaswa na kuhifadhiwa kama kielelezo katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kabla ya kurudi sokoni kwa njia ya mlango wa nyuma. Serikali ilijibu kwa kusimamisha leseni za watengenezaji wa pombe za kizazi cha pili, na baadhi ya hatua hizo zikapingwa mahakamani. Mtungi wa busaa wa Bungoma haukuhusika popote, ingawa ulimwagwa pia katika misako iliyofuata.

Busaa nayo si malaika. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo maghala ya nafaka huyakataa, huuzwa kwa bei ya kutupa na mara nyingi mnunuzi ni mpikaji. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004, na kukaanga unga hakuimalizi yote. Katika Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa na makao ya Kenya Seed, hili ndilo jambo ambalo afisa wa afya angepaswa kulipima kwanza. Anapima kitu gani, ilhali anayepikia amejificha? Sheria inayomfukuza mpikaji humfukuza pia mkaguzi.

Kwa upande wa malighafi, eneo hili halina upungufu. Molasi ya viwanda vya sukari ndiyo msingi wa pombe nyingi kali zinazotengenezwa nchini. Kiwanda cha Nzoia, fahari ya Bungoma tangu miaka ya sabini, kilikodishwa kwa kampuni ya West Kenya Sugar mwaka wa 2025 kwa miaka 30. Wakulima walijadili bei ya miwa, wafanyakazi wakajadili malimbikizo ya mishahara. Molasi haikuzungumzwa sana, na huku ndiyo ambayo ingeweza kulisha kiwanda cha kutonesha chang'aa upya kwa mfano wa Uganda, kikiwa mlangoni pa wapikaji wenyewe.

Serikali za kaunti haziwezi kusingizia Nairobi kwa kila jambo. Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge yao mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Bungoma na Trans Nzoia zinaweza, bila kusubiri Bunge la Taifa, kutenga daraja la leseni kwa busaa pekee, inayouzwa siku ile ile inapoiva, mahali panapokaguliwa, kwa ada inayolingana na mtungi. Zinaweza kuwapanga wapikaji katika vyama vya ushirika vyenye jiko moja safi, maji ya bomba na kipimo kimoja cha ukungu kwa kila gunia. Chang'aa isubiri. Kuichanganya na busaa katika ombi moja kumeponza zote mbili kila mara mjadala unapoanza, kwa kuwa mpinzani hujibu kwa kutaja maiti za methanoli na mjadala ukaishia hapo.

Mwelekeo wa kitaifa, kwa sasa, unakwenda upande mwingine. Sera mpya iliyozinduliwa Julai 2025 kupitia Mamlaka ya Kupambana na Dawa za Kulevya (Nacada) ilipendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21 na uuzaji ubanwe katika maeneo mengi, yakiwemo maduka makubwa. Ni mapendekezo yanayoeleweka katika nchi iliyochoka kuzika. Lakini yanamzungumzia mnywaji anayeingia dukani. Anayeinama chini ya mlango wa bati huko Matisi hayumo, wala aliyempikia.

Na hata kaunti zikithubutu, litabaki swali la nani atamiliki jina. Scotland ililinda neno Scotch kwa sheria: halitumiki ila kwa wiski iliyotengenezwa na kukomazwa huko kwa miaka isiyopungua mitatu katika mapipa ya mwaloni. Busaa haina ulinzi wowote wa aina hiyo. Kampuni yoyote yenye mtaji inaweza kesho kuliandika neno hilo kwenye mkebe, ikatia picha ya mtungi na mirija, na kulisajili kabla ya wapikaji wa Bungoma kupata hata fomu ya kuomba leseni.